Nilipata A ya RC bila kuijua RC

Haya wadau, nimerudi! Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Testi zimeisha, bumu liliisha kabla ya testi, na mimi niko zangu Uyole na baridi lake lisilo na adabu, nimevaa makoti mawili, naandika. Leo sina stori za vimbweta wala za nani kaonekana na nani. Leo nina hasira, kwa hiyo mniazime masikio.

Hasira yenyewe imetokana na sentensi moja. Nilipeleka wazo la mradi wa mwaka wa mwisho kwa mkubwa mmoja wa kitaaluma (jina na ofisi tuviache, sitaki kesi). Wazo lilikuwa hivi: nitengeneze amplifaya ya valvu kwa ajili ya mpiga hamonika, halafu niitumie kufundishia umeme sekondari. Mkubwa akasoma mistari miwili, akacheka, akasema: "Wewe unasomea ualimu, husomei ufundi redio." Karatasi ikarudi mkononi mwangu ikiwa bado ina joto la mashine ya kuchapia.

Nimelala na sentensi hiyo wiki tatu. Leo najibu.

Kwanza, hamonika imetoka wapi? Ni ya marehemu babu mzaa mama. Kama vijana wengi wa Rungwe wa enzi zile, babu alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya shaba ya Zambia, wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Alirudi na baiskeli, mablanketi, na Hohner moja ya matundu 10, ile Marine Band ambayo Wajerumani wa Trossingen wanaitengeneza tangu 1896. Wengine mnaiita kinanda cha mdomo. Ndani ina ndimi 20 za shaba, 10 zinalia ukipuliza na 10 zinalia ukivuta. Babu alitusimulia pia habari za redio ya sufuria. Tulidhani ni hadithi za wazee, kumbe ni kweli tupu! Mwaka 1949 kule Lusaka ilianza kuuzwa redio ya betri yenye valvu nne ndani ya bati la duara kama sufuria, bei pauni 5, betri unanunua mbali. Sauti ya Dar es Salaam ilikuja kuanza 1951. Kwa hiyo msiniambie valvu ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu wa kusini walikusanyika kusikiliza dunia kupitia vile vichupa vya kioo kabla ya baba zetu kuzaliwa.

Sasa, hamonika peke yake ni ndogo. Kwenye kikundi chenye ngoma na gitaa la umeme hakuna atakayekusikia. Ukiiweka kwenye spika za kanisani inatoka nyembamba, inakwaruza meno. Dawa yake iligunduliwa Chicago na watu waliotoka mashambani kusini mwa Marekani kutafuta kazi viwandani, yaani kina babu wa kule. Jamaa mmoja anaitwa Little Walter alishika maiki na hamonika pamoja ndani ya viganja, akaisukuma amplifaya ya valvu mpaka ikaanza kukoroma. Mwaka 1952 kibao chake "Juke" kikapanda mpaka namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi kule. Tafuteni mkisikilize. Utadhani ni saksofoni yenye hasira.

Kwa nini valvu? Nyie wa Arts msikimbie, nitaeleza kibinadamu. Valvu ni kichupa kilichonyonywa hewa. Katikati kuna kijibomba kinaitwa kathodi, kinapashwa moto mpaka elektroni zinaruka zenyewe. Pembeni kuna bamba lenye volti nyingi chanya, elektroni zinalikimbilia. Katikati ya hao wawili kuna wavu wa waya mwembamba, gridi. Ukiutikisa wavu kwa volti kidogo tu, mto mzima wa elektroni unatikisika. Basi! Fleming alitengeneza ya kwanza isiyo na wavu 1904, Lee de Forest akaongeza wavu 1906. Ikizidiwa, transista mara nyingi inakata wimbi la sauti kama panga. Valvu inabonyea taratibu kama godoro. Ile kubonyea ndiyo utamu wenyewe, sauti inanenepa badala ya kuvunjika.

Na hapa ndipo hasira inapoanzia. Kwenye muhtasari tuliosoma sisi kidato cha nne kulikuwa na mada nzima ya elektroni kuruka kutoka kwenye chuma cha moto. Mada nzima! Niliifaulu. Sijawahi kuonyeshwa hata kichupa kimoja, si sekondari, si chuoni. Nilikuja kukiona kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha fundi redio hapa Uyole, upande wa barabara ya Tukuyu, katikati ya muuza viazi na kijiwe cha bajaji.

Huyo fundi ni mzee, nitamwita Mzee tu. Nilikwenda kutengeneza chaja. Kwenye kona nikaona mzoga wa radiogramu, yale makabati ya redio na santuri ya zamani. Limetoka kwenye nyumba moja ya shamba la chai huko Tukuyu. Nje kijana wa skrepa kashasimama na mizani yake, anataka transfoma kwa sababu ya shaba iliyomo. Nikauliza, "Shikamoo Mzee, hii bado inafanya kazi?" Akajibu, "Marahaba. Hii haijafa, imekosa wa kuisikiliza." Nikamwambia habari za hamonika ya babu. Akamgeukia yule kijana, "Nenda bwana, leo hakuna mzigo." Nikalipa 35,000, nusu ya pesa niliyobakiwa nayo, na mwezi uliobaki nikala viazi. Sijuti.

Ndani mlikuwa na hazina: transfoma ya umeme, transfoma mbili za kutolea sauti, spika za inchi 8, EL84 mbili za kusukuma spika, ECC83 ya kukuza sauti ndogo, na EZ81 ya kugeuza umeme wa mawimbi kuwa wa njia moja. Mimi nilihitaji EL84 moja tu, na moja inatosha kutoa wati kama 5. Msicheke. Wati 5 za valvu ndani ya chumba zinamwamsha mwenye nyumba.

Tulijenga Jumamosi nne. Kitako tulikata kwenye bati la friji iliyokufa. Boksi nilipiga kwa mbao za paini za Sao Hill. Kapasita kubwa za zamani tulitupa zote kwa sababu zimekauka, tukanunua mpya za volti 450. Maiki ilitoka kwenye tepu rekoda ya mikanda, ni ya fuwele, zile zinazotumia chumvi ya Rochelle. Chumvi hiyo inaharibiwa na joto na unyevu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani nikalishukuru baridi la Uyole.

Jumamosi ya tatu nikawasha. Valvu zikaanza kuwaka rangi ya chungwa taratibu, jamani, ule mwanga! Nikapuliza hamonika. Ikatoka sauti ya mbu ndani ya kopo. Hakuna besi hata chembe. Nikakagua waya zote, ziko sawa. Nikaanza kulaumu fuwele.

Mzee akaangalia rizista niliyoweka pale maiki inapoingilia. Kilo-omu 100. Akasema, "Mwalimu, maiki ya fuwele ni kama kapasita. Umeiwekea mlango mpana mno chini, sauti nene yote inamwagikia huko. Weka kubwa." Akatoa megaomu 4.7 kwenye kopo la Blue Band, tukalehemu. Nikapuliza tundu la kwanza. Kibanda kikatetemeka.

Wadau, nilikaa chini. Maana ile ni RC! Ni ile fomula ya 1 juu ya 2πRC tunayoimba kila muhula! Nikachukua kalamu. Maiki kama hiyo ina kama nanofaradi 1.5. Ukiweka kilo-omu 100, kila kilicho chini ya hezi 1,060 hivi kinaanza kupungua. Noti ya chini kabisa ya hamonika ya C ni hezi 262. Yaani nilikuwa nimewanyonga wanyonge wote wa upande wa kushoto wa hamonika! Ukiweka megaomu 4.7, mpaka unashuka mpaka hezi 23 hivi, kila noti inapita. Swali la namna hiyo nililipata kwenye mtihani. Nilipata yote, na somo zima nikapata A. Lakini RC yenyewe sikuijua, sikujua hata kama ina sauti. Mzee mwenye elimu ya darasa la saba aliitambua kwa sikio kutoka kwenye kiti chake, huku anakunywa chai.

Haijaisha. Tatizo la pili likaja: nikiongeza sauti kidogo tu, amplifaya inapiga yowe. Mimi kwa usomi wangu nikataka kuongeza nguvu zaidi ili nilifunike yowe. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Gitaa linanong'ona, ndiyo maana unalikuza sana. Hamonika inapiga kelele mdomoni mwa maiki. Wewe punguza." Akafungua bati la biskuti lililojaa valvu, akatoa ECC82. Miguu inaingia sehemu ileile ya ECC83, lakini ECC83 inakuza kama mara 100 na ECC82 mara 17 hivi. Tukabadilisha. Yowe likakimbia, na sauti ikaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu sasa naweza kufungua mpaka EL84 ianze kukoroma kama Chicago. Kupunguza ili upate zaidi! Hiyo haimo kwenye desa lolote.

Na tatizo la tatu nusura linitoe duniani, nalisema wazi ili mtu asije akaiga kijinga. Nilizima, nikachomoa waya ukutani, nikatia mkono ndani. Nikarushwa mpaka kwenye magunia ya jirani. Umeme wa TANESCO ulikuwa umeshatoka, kilichonipiga ni volti 300 zilizobaki kwenye kapasita. Mikrofaradi 47 kwa volti 300 ni nusu CV mraba, juli 2 na ushei. Hiyo nayo niliwahi kuikokotoa vizuri sana kwenye karatasi! Mzee hakunipa pole kwanza. Alinipa kanuni: toa umeme uliobaki kupitia rizista, pima kwa mita mpaka usome sifuri, mkono mmoja uwe mfukoni, usifanye kazi peke yako, na bati lote liunganishwe na waya wa ardhi. Baadaye ndiyo akasema, "Pole mwanangu, ungemfanya mama yako anichukie." Tukafunga rizista ya kudumu inayomwaga umeme kila ukizima. Mimi naanza BTP muhula ujao, nitakabidhiwa watoto wa watu kwenye maabara, na hakuna aliyewahi kunifundisha kuzima kitu na kuhakikisha kimezima.

Sasa nijibu hoja, maana najua mtakuja nazo.

"Valvu zimepitwa na wakati." Kwenye simu yako, ndiyo. Kwenye muziki, hapana. Kiwanda cha JJ kule Slovakia kinazitengeneza mpaka leo, na Fender, Marshall na Vox wanauza amplifaya za valvu kwa bei ambayo bumu la mwaka halitoshi. Na niseme kwa haki: nilitengeneza nyingine ya chipu ya TDA2030 kwa vifaa vya elfu chache. Ni nyepesi, haili umeme, haina volti za kuua. Kwaya ikiniuliza nitawaambia wachukue hiyo. Lakini ile chipu ni kipande cheusi chenye miguu mitano. Mwanafunzi akikitazama anaona nini? Haoni kitu! Valvu anaona kathodi inawaka, anaona wavu, anaona bamba. Mada yote iko ndani ya kioo inamtazama.

"Ni hatari." Kweli, nimeshakiri. Kwa hiyo mwanafunzi hatatia mkono ndani, atatazama kupitia kifuniko cha plastiki, na mwalimu aliyefunzwa ndiye atakayeshika. Lakini mbona asidi ya salfa mnaweka maabara? Kitu cha hatari kinahitaji mwalimu aliyekishika kabla, na mwalimu huyo hatengenezwi kwa madesa.

"Hamonika si utamaduni wetu." Sawa, Wahehe wana ligombo na sina ugomvi nalo. Nendeni Kinshasa basi. Mzee Mawangu Mingiedi na Konono No. 1 walitaka likembe zao zisikike katikati ya kelele za jiji. Hawakusubiri mfadhili. Walichonga maiki kwa mbao na sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Zile sauti za kukwaruza hawakuzionea haya, wakazifanya muziki, na mwaka 2004 albamu ya Congotronics ikawapeleka duniani. Utamaduni ni kile mnachokifanya kiseme kwa sauti yenu.

Na hoja kubwa, ile ya mkubwa: "Ualimu si ufundi redio." Mheshimiwa, kama unasoma hapa, nisikilize. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamikia shule inayomtenga mtoto na kazi na kumfanya adharau wazee wasiosoma. Mtaala wa 2005 ukaja na neno umahiri. Mtaala ulioboreshwa ukaanza Januari 2024 na mkondo wa amali sekondari, yaani mafunzo ya kazi za mikono kuanzia kidato cha kwanza. Nauliza kistaarabu: hiyo amali itafundishwa na nani? Na sisi! Sisi tuliopata A ya RC bila kuisikia! Kila miaka kadhaa tunabadilisha jalada la mtaala, na mwalimu wa kuufundisha tunamzalisha kwa njia ileile ya kukariri usiku na kusahau asubuhi. Halafu mtu mmoja akijaribu kushika kitu kwa mikono, tunamwambia hiyo si hadhi yako.

Tatizo ni hilo neno hadhi. Fundi redio kwetu ni mtu aliyefeli shule. Ukweli ni kwamba shule ndiyo iliyofeli kumfikia fundi. Yule Mzee hana mwanafunzi hata mmoja. Vijana wake wako kwenye simu, na siwalaumu, kioo cha simu kinalipa. Lile bati la biskuti lina valvu zaidi ya 40, na yeye anajua kila moja inafaa nini. Siku akiondoka, wa skrepa watakuja na mizani. Shaba watapima. Vichupa vya kioo havina uzito, vitatupwa mfereji wa barabara ya Tukuyu. Na kilichokuwa kichwani mwake hakuna mizani ya kukipima.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja, kila anayesomea ualimu wa fizikia akae kwenye benchi la fundi walau wiki nne, na zihesabike kwenye alama. Mbili, mafundi kama Mzee waalikwe vyuoni wafundishe na walipwe, wasiletwe kama maonyesho ya Nanenane. Tatu, kabla chuo au shule haijauza vifaa vya zamani vya maabara kwa skrepa, wanafunzi waruhusiwe kuvifungua kwanza.

Ijumaa jioni tuliizindua pale kibandani. Madereva bajaji walizima injini. Nilipiga nyimbo mbili za babu, nikakosea mahali pengi, hakuna aliyejali. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukakatika, kama kawaida. Taa zote zikazima palepale, ila amplifaya ikaendelea kuimba sekunde moja hivi gizani, ikinywea taratibu, valvu bado nyekundu. Mzee akasema, "Umeona? Kapasita hiyo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika kichwani somo langu la kwanza la BTP.

Naipeleka darasani, mkubwa apende asipende. Mwenye ECC82 au EL84 zinazokaa bure kwenye redio ya babu yake, asiuze kwa kilo, aniambie nije na nauli. Na wewe mwenye A ya fizikia, jiulize kwanza uliisikia au uliikariri. Matusi na maoni yote nayapokea.

Naomba kutoa hoja. Ngoja nikachemshe viazi.